Mtazamo tofauti uingie kabla itifaki ya utafiti haijafungwa

Mwaka 1986, siku chache baada ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl kulipuka, mvua kubwa iliteremsha seziamu yenye mionzi kwenye milima ya Cumbria, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Mwezi Juni serikali ikazuia kondoo wa milima hiyo wasiuzwe wala kuchinjwa. Wanasayansi wakawaambia wafugaji kwamba zuio lingekwisha baada ya wiki 3. Mashamba ya mwisho yalifunguliwa mwaka 2012.

Hesabu zilifanywa vizuri, ila udongo haukuwa ule uliokusudiwa. Modeli iliyotumika ilitokana na udongo wenye mfinyanzi mwingi, na mfinyanzi huinasa seziamu katikati ya matabaka ya madini yake, mizizi ya nyasi isiweze kuifikia. Milima ya Cumbria ina udongo wa mboji, wenye asidi na mfinyanzi haba. Humo seziamu hubaki huru: nyasi huinyonya, kondoo hula nyasi, kinyesi huirudisha ardhini, na mzunguko huanza upya.

Kisha likaja jaribio la bentonaiti, aina ya mfinyanzi iliyonyunyizwa kwa viwango mbalimbali kwenye vipande vya malisho ili ionekane kama itaishika seziamu. Kondoo walifungiwa ndani ya uzio, kila kundi kwenye kipande chake. Wafugaji wakasema mapema kwamba kondoo aliyezoea kuzurura mlimani ukimfungia atadhoofika, na mnyama aliyedhoofika atakupa vipimo visivyomwakilisha mwenzake aliyeko mlimani. Hawakusikilizwa. Miezi michache baadaye jaribio liliachwa, kwa sababu ileile waliyoitaja. Mwanasosholojia Brian Wynne aliyafuatilia mambo haya na kuyaandika kwa kina. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hapa aliyekilalia alikuwepo, akasema, ila hapakuwa na njia ya kuyapeleka maneno yake hadi kwenye mpango wa jaribio.

Nimeanza na kondoo kwa sababu kisa hiki kinaonyesha kinachokosekana kwenye mazungumzo mengi kuhusu faida ya watu tofauti katika sayansi. Husemwa kwamba timu mchanganyiko hufikiri vizuri zaidi, na mambo huishia hapo. Lakini hufikiri vizuri wapi, kwenye hatua gani ya kazi? Kila utafiti una viungo vyake: mahali ambapo uamuzi hufanywa na hakuna anayeuona kuwa uamuzi. Udongo gani ndio wa kawaida? Mnyama yupi afuatwe? Nani aingie kwenye kundi la ulinganisho? Aliyesoma ndani ya mazoea fulani huviona viungo hivyo kama ukuta, na aliyetoka nje ya mazoea hayo huuona mlango. Faida huja pale tu mtu huyo anapokuwepo kabla mlango haujafungwa.

Chukua oksimita, kile kibanio kinachovikwa kidoleni kupima oksijeni. Kinatoa mwanga wa aina mbili, mwekundu wa takriban nanomita 660 na wa infraredi wa takriban nanomita 940, kisha kinalinganisha jinsi kila mwanga unavyofyonzwa damu inapopiga. Uwiano huo peke yake haukuambii oksijeni ni kiasi gani. Kifaa huugeuza kuwa asilimia kwa jedwali, na jedwali hutengenezwa kwa watu wa kujitolea wanaopumua hewa iliyopunguzwa oksijeni huku damu ya ateri ikichotwa na kupimwa maabara. Maana yake ni kwamba ngozi za watu hao wa kujitolea zimo ndani ya kila oksimita inayotumia jedwali hilo. Melanini nayo hufyonza mwanga.

Mwongozo wa mwaka 2013 wa FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ulitaka watu wasiopungua 10, na kati yao wenye ngozi nyeusi wawe angalau 2 au asilimia 15, kutegemea ipi ni kubwa. Hitilafu ilipimwa kwa wote pamoja, isizidi takriban asilimia 3. Hapo ndipo tatizo linapojificha. Watu 2 kati ya 10 wanaweza kusomwa vibaya kabisa na wastani wa jumla ukapita. Na hata ukitaka kuwaangalia wao peke yao, wawili hawatoshi kukuambia kama kosa linatokana na ngozi, na ubaridi wa vidole, au na bahati tu.

Mwezi Desemba 2020, madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha ulinganisho wa vipimo vya oksimita na vya damu ya ateri vilivyochukuliwa karibu wakati mmoja kwa mgonjwa yuleyule. Miongoni mwa vipimo ambavyo oksimita ilionyesha kati ya asilimia 92 na 96, oksijeni ya damu ya ateri ilikuwa chini ya asilimia 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi na asilimia 3.6 ya vile vya wagonjwa weupe. Data hizo hazikutafutwa upya. Zilikuwa kwenye kumbukumbu za hospitali. Kilichowafanya wazifungue ni makala ya mwanaanthropolojia, Amy Moran-Thomas, aliyekuwa amehoji kifaa hicho hadharani miezi michache kabla. Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba tangu mwaka 1990 ulikuwapo utafiti wa wagonjwa mahututi ulioonyesha tatizo hilohilo. Kwa miaka 30 ujuzi ulikuwepo kwenye karatasi, ila waliokaa kwenye meza ya kuandika viwango hawakulihesabu kuwa swali la kwanza.

Kwa hiyo kuongeza idadi ndogo ya watu ili ripoti ipendeze hakupimi chochote. Ukitaka kujua kama kifaa au dawa hufanya kazi tofauti kati ya makundi mawili yaliyo sawa kwa ukubwa, na tofauti unayoitafuta inalingana na athari kuu yenyewe, yaani ile inayopimwa kwa wote pamoja, utahitaji sampuli ya takriban mara 4 ya ile ya kupima athari kuu. Ikiwa tofauti ni nusu ya athari kuu, ni takriban mara 16. Mwambie hivyo mfadhili mapema, kwenye bajeti ya kwanza. Kwa upande mwingine, hofu kwamba kutumia panya wa jinsia zote mbili kunadai kuongeza idadi maradufu haina msingi kama swali lako ni athari kuu: gawa idadi ileile nusu kwa nusu, iingize jinsia kwenye uchanganuzi kama kigeu, na nguvu ya kipimo kikuu haitapungua sana. Utapata na dalili ya kwanza kama jinsia zinaachana.

Gharama ya kutouliza mapema inaonekana kwenye dawa ya usingizi ya zolpidem. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa dozi ileile kwa wanaume na wanawake. Mwaka 2013 FDA ilipunguza dozi inayopendekezwa kwa wanawake kutoka miligramu 10 hadi 5. Saa 8 baada ya kumeza miligramu 10, takriban asilimia 15 ya wanawake bado walikuwa na kiwango cha dawa kwenye damu kinachoweza kuharibu uendeshaji wa gari, dhidi ya takriban asilimia 3 ya wanaume. Ilichukua zaidi ya miaka 20.

Mtazamo mpya hauongezi watu kwenye sampuli tu, mara nyingine hubadilisha namna ya kutazama. Kwa muda mrefu watafiti wa nyani waliandika kile kilichowavutia macho, na jicho huvutwa na dume kubwa lenye kelele. Majike na watoto, waliokuwa wengi, walionekana kama mandhari ya nyuma. Jeanne Altmann, aliyesomea hisabati kabla ya kuingia kwenye tabia za wanyama na ambaye kazi yake ya nyani wa Amboseli nchini Kenya inajulikana sana, aliliona kama tatizo la sampuli. Mwaka 1974 alichapisha uchambuzi wa mbinu za kutazama wanyama, na mbinu aliyoipa nguvu ni ya mnyama lengwa. Unaandaa orodha ya wanyama wote unaowatambua, unaipanga kwa bahati nasibu, unamfuata mmoja kwa muda uliowekwa, tuseme dakika 15, na unaandika kila afanyacho, hata akikaa kimya. Ugomvi ukizuka hatua kumi pembeni, humwachi wako. Akipotea kichakani unaandika ametoweka kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, kwa sababu viwango vitagawanywa kwa muda alioonekana. Wengi hukosea hapo: wanagawanya kwa dakika zote 15, na mnyama anayependa kichaka anaonekana mpole kuliko alivyo.

Mbinu hiyo haiwezekani kama huwatambui wanyama mmoja mmoja. Na huko nyuma, tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, watafiti wa Japani chini ya Kinji Imanishi walikuwa wakimtambua kila kima kwa sura na kumpa jina, jambo ambalo wenzao wa Magharibi waliliona kuwa ni kuwafanya wanyama watu. Leo ni msingi wa kazi. Mawazo mawili yaliyotoka pande zisizofanana, moja la mwanahisabati na jingine la jadi nyingine ya kutazama, yamekutana kwenye daftari moja la mtafiti wa sasa.

Kundi la ulinganisho ndilo kiungo kinachosahaulika kuliko vyote. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mabadiliko kadhaa ya jeni yaliyokuwa yakihesabiwa kusababisha ugonjwa wa kunenepa kwa misuli ya moyo hayakuwa na madhara. Yalikuwa ya kawaida miongoni mwa Wamarekani weusi, lakini tafiti za awali zilikuwa zimelinganisha wagonjwa na watu wazima wa afya ambao kati yao weusi walikuwa wachache mno au hawakuwepo. Badiliko lisilopatikana kwenye ulinganisho likachukuliwa kuwa adimu, na adimu likachukuliwa kuwa hatari. Wagonjwa wakapewa majibu yasiyo sahihi, na ndugu zao pia. Watafiti hao waliiga hali hiyo kwa kompyuta wakaona kwamba hata idadi ndogo ya Wamarekani weusi kwenye makundi ya ulinganisho huenda ingezuia makosa hayo.

Hapa idadi ndogo ilitosha na kwenye oksimita haikutosha. Tofauti iko kwenye swali. Kule unapima ukubwa wa hitilafu, na huku unataka tu kuona kama kitu kipo. Hesabu ni rahisi: badiliko lililo kwa asilimia 2.6 ya watu, ukichukua watu 10 una uwezekano wa asilimia 77 wa kutoliona kabisa. Ukichukua 100, asilimia 7. Kufikia uhakika wa asilimia 95 wa kumwona angalau mmoja unahitaji takriban 114.

Asilimia 2.6 sikuiokota hewani. Ndicho kiwango cha Wamarekani weusi waliokutwa na mabadiliko yanayozima jeni ya PCSK9, kwenye kazi ya Jonathan Cohen na Helen Hobbs iliyochapishwa mwaka 2006. Lehemu mbaya, yaani LDL, ilikuwa chini kwa asilimia 28 kwa watu hao, na hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo chini kwa asilimia 88. Kwa weupe mabadiliko hayo ni adimu sana. Njia ya ugunduzi huo ilipita kwenye utafiti wa Dallas, ambao ulipangwa tangu mwanzo takriban nusu ya washiriki wawe weusi. Mwaka 2015 dawa mbili zinazozuia PCSK9, alirokumabu na evolokumabu, ziliidhinishwa, na sasa zinatumiwa na wagonjwa wa asili zote. Uamuzi wa sampuli uliofanyika miaka mingi kabla ndio uliofungua njia.

Hata data zikishakusanywa, macho bado yanatofautiana. Mwaka 2018 ilichapishwa kazi ambamo timu 29 za wachambuzi zilipewa data zilezile na swali lilelile: je, waamuzi wa soka huwapa wachezaji wenye ngozi nyeusi zaidi kadi nyekundu nyingi zaidi? Uwiano waliopata, ambamo 1 ni hakuna tofauti, ulianzia 0.89 hadi 2.93. Timu 20 zilipata athari yenye umuhimu wa kitakwimu, 9 hazikupata. Timu hizo 29 zilitumia michanganyiko 21 tofauti ya vigeu vya kudhibiti, yaani mambo mengine yaliyozingatiwa kwenye hesabu. Fikiria kama ingekuwa timu moja: msomaji angepata jibu moja lenye uhakika wake, asijue kwamba mengine 28 yaliwezekana. Kama huna uwezo wa kuita timu nyingi, ita mbili. Zisiongee hadi kila moja ifunge mpango wake wa uchanganuzi kwa maandishi. Tofauti ikitokea, usichukue wastani; tafuta hatua moja iliyowatenganisha, kwa kawaida ni vigeu vilivyodhibitiwa au data zilizotupwa, na uiripoti hiyo.

Sasa, jinsi ya kuvifikisha viungo hivi mbele ya watu wengine. Mkutano wa kawaida haufai, na sababu inajulikana tangu mwaka 1985, wanasaikolojia Stasser na Titus walipoonyesha kwamba kikundi hujadili zaidi yale ambayo kila mtu anayajua tayari, na taarifa iliyo kwa mmoja hubaki kwake. Yaani unaweza kumwita mtu kwa sababu ya ujuzi wake wa pekee, na ujuzi huohuo ndio usiosemwa.

Andika ukurasa mmoja wa maamuzi, si pendekezo zima la kurasa 40 ambalo hakuna atakayelisoma. Kila uamuzi na sababu yake: kwa nini watu hawa, kifaa hiki, ulinganisho huu, kipindi hiki, na nani ameachwa nje na vigezo vya kuingia. Upeleke kwa watu 4 hadi 6, wiki 3 au zaidi kabla ya maombi kwenda kwenye kamati ya maadili, maana baada ya kibali kila badiliko lina fomu yake na timu huanza kulikwepa. Kila mmoja ajibu kwa maandishi, peke yake, kabla hajaona ya mwenzake. Maswali mawili yanatosha: ni nini kinaweza kufanya kipimo kibadilike ilhali hali halisi haijabadilika, na matokeo yapi yangekufanya uiache dhana hii? Kisha mkutane. Aliye chini kwa cheo aanze kusoma majibu yake, kiongozi wa mradi amalizie. Kiongozi akitangulia, mengine yote yatakuwa maelezo ya chini ya hoja yake.

Nani waitwe? Tazama uhusiano wa mtu na kitu kinachotafitiwa kabla ya shahada yake. Fundi anayeendesha mashine anajua inavyoyumba ikipata joto. Muuguzi anayejaza fomu anajua ni safu ipi hujazwa kwa kubahatisha mwisho wa zamu. Mgonjwa anajua kwamba ratiba ya kuja kliniki mara 2 kwa wiki itawaacha nje wenye kazi za kutwa. Jinsia, asili na lugha zinaingia hapa pia, kwa kuwa zinabadilisha kile mtu alichokwisha kukutana nacho. Ila watu watano wa sura tofauti waliofundishwa na maprofesa walewale mbinu ileile wanaweza kupofuka mahali pamoja. Na usiite mmoja kuwakilisha kundi zima, kwa sababu hutajua kama alilosema ni la wengi au ni lake. Ita angalau wawili, na uwalipe muda wao kama unavyomlipa mwanatakwimu.

Dodoso likivuka lugha, kazi ni ya watu wanne au zaidi: wawili watafsiri kila mmoja kivyake, wa tatu apatanishe, wa nne ambaye hajaona la asili alirudishe kwenye lugha ya kwanza. Lakini tafsiri rejeshi hudanganya. Msemo wa hisia uliotafsiriwa neno kwa neno hurudi ulivyokuwa, safi kabisa, hata kama wasemaji wa lugha ya pili hawauelewi. Dawa yake ni kukaa na watu 5 hadi 10 wa kundi lengwa na kumwomba kila mmoja aseme kwa maneno yake swali linamuuliza nini.

Yote haya yanakula muda, na timu iliyochanganyika huwa na kutoelewana kwingi mwanzoni, hasa maneno kama hatari au kawaida yanapobeba maana tofauti kwa kila fani. Weka kamusi ndogo ya mradi wiki ya kwanza. Wala mtazamo mpya si ushahidi. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba nchini Tanzania, aliona mchanganyiko wa maziwa ya moto ukiganda kabla ya uliopoa. Alichekwa darasani, akaendelea kuuliza hadi akamfikia mwanafizikia Denis Osborne, ambaye aliagiza lijaribiwe badala ya kulitupa, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Tangu hapo wengine wameona athari hiyo na wengine wameikosa. Uchunguzi wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba tofauti ndogo ya kimo cha kipimajoto ndani ya chombo inaweza kuizalisha athari isiyokuwepo. Osborne alifanya sawasawa kabisa: swali lilistahili jaribio, na jibu likaachiwa vipimo, ambavyo havijamaliza mjadala hadi leo.

Ule ukurasa wa maamuzi usitupwe. Pingamizi zote zibaki chini yake zikiwa na tarehe, na mbele ya kila moja kiandikwe kilichofanyika: ilifuatwa, au ilikataliwa na kwa sababu ipi. Matokeo yakitoka, urudini mstari kwa mstari, muone pingamizi zipi zilizokataliwa zingebadilisha kipimo, kisha muuhifadhi kwenye folda ileile ya data, mahali ambapo timu inayofuata itaukuta kabla haijaandika itifaki yake.